Studio za Kigali zinahama, kuta zinapakwa rangi upya

JUMAMOSI asubuhi niliamka nikakuta sebule yangu haina pa kupita. Picha kumi na nne zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyingine chini ya meza, nyingine nyuma ya kochi analokalia mama yangu akisali. Zililetwa usiku kwa pikapu ya kukodi na kijana niliyemfundisha Kiswahili sekondari, ambaye sasa ni mchoraji.

Mwenye nyumba alikuwa amempa siku kumi awe ametoka Kacyiru. Nyumba imeuzwa, itavunjwa na litajengwa ghorofa. Hii ni mara ya tatu kijana huyu anahamisha studio ndani ya miaka saba. Ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa bado anadaiwa kodi ya mwezi mmoja, na hataki deni lake lisomwe gazetini kabla hajalilipa.

Picha nne kubwa hazikupita mlangoni. Tulizing'oa misumari kwenye fremu, tukazikunja kama mikeka, upande wa rangi ukiwa nje, maana ukikunjia rangi ndani hupasuka. Fremu tuliziacha kwenye veranda ya Kacyiru. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tunaijua sana kazi hiyo ya kuamua katika usiku mmoja kipi kibebwe na kipi kibaki.

Msomaji asiyeijua Kigali anaweza kudhani studio ni jengo maalumu. La hasha. Nyingi ni nyumba za kawaida za kupanga. Sebule inageuzwa ukumbi wa maonyesho, vyumba vya kulala vinakuwa vya kuchorea, na ukuta wa nje unachorwa ili mpita njia ajue ndani kuna nini. Mchoraji anapanga, analipa, anapendezesha nyumba, na siku mtaa ukipanda bei yeye ndiye wa kwanza kuambiwa aondoke.

Mtindo huo una historia yake. Mwaka 2007 Collin Sekajugo, mzaliwa wa Masaka nchini Uganda mwenye asili ya Rwanda pia, alianzisha hapa Kigali kituo cha Ivuka. Jina hilo linatokana na neno la Kinyarwanda la kuzaliwa. Sekajugo alizaliwa mwaka 1980, mwaka niliozaliwa mimi kule Karagwe, na nadhani ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia habari zake kama za ndugu. Vijana waliingia Ivuka bila kuwa wamesomea uchoraji, wakatoka wakiuishi.

Miongoni mwa waliopitia hapo ni ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Mwaka 2012 walifungua kituo chao, Inema, hapo hapo Kacyiru. Anayejua Kiswahili hahitaji mkalimani kwa jina hilo: ni neema. Ukifika utakuta picha, lakini utakuta pia ngoma ya watoto na kazi za mikono za kina mama. Ivuka nayo ilikuwa na kikundi cha watoto wa kucheza ngoma, RwaMakondera. Si kwamba wachoraji wanapenda makelele. Picha inaweza kukaa miezi bila mnunuzi, na kodi haisubiri. Ngoma humleta mgeni, na mgeni akishaingia huziona picha.

Sekajugo mwenyewe hakubaki mahali pamoja. Alianzisha makazi ya wasanii katika kijiji cha Ndegeya, karibu na Masaka alikozaliwa. Ndegeya kwa Kiganda ni yule ndege mfumaji anayening'iniza viota mitini. Mwaka 2022 yeye na msanii mwenzake Acaye Kerunen waliiwakilisha Uganda kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Ilikuwa mara ya kwanza Uganda kuwa na banda lake pale, na banda hilo likatunukiwa sifa maalumu. Katika kazi zake Sekajugo hutumia vitambaa vya gome la mti, vile ambavyo bibi zetu waliviita impuzu, pamoja na magunia ya plastiki. Magunia hayo, ndugu mfanyabiashara, ni yale yale unayobebea maharage.

Wafanyabiashara wengi wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine. Mpaka wa Gatuna, uliokuwa umefungwa tangu Februari 2019, ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022.

Si wachoraji wadogo peke yao wanaohama. Hata serikali ilihamisha picha zake. Makumbusho ya sanaa yalikuwa Rwesero, Nyanza, katika kasri lililojengwa kwa ajili ya Mfalme Mutara Rudahigwa. Mfalme alifariki Bujumbura Julai 1959 kabla hajahamia humo, na miezi michache baadaye ndipo wazazi wetu walipoanza kuvuka mipaka. Mwaka 2018 sanaa ilihamishiwa Kanombe, kwenye iliyokuwa nyumba ya Rais Habyarimana, ambako mabaki ya ndege iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 bado yapo nje ya ukuta wa bustani. Nimewapeleka wanafunzi huko mara mbili. Wanaanza kwa kuulizia ndege, na mimi huwaacha waulize, kisha tunaingia kwenye picha tukiwa tumenyamaza kidogo.

Sasa niseme kuhusu kuta, maana hapo ndipo penye uchungu.

Katika muongo wa 2010 Kigali ilianza kupata michoro mikubwa ya ukutani. Kikundi cha Kurema, Kureba, Kwiga, yaani kuumba, kuona na kujifunza, kilichora kuta za barabarani kupinga unyanyapaa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Mtu aliyepanda basi asubuhi alisoma ujumbe bila kulipa kiingilio. Vijana wengi walipata moyo, akiwemo huyu mchoraji wangu. Mwaka 2016 alikuja yeye na wenzake wawili katika shule niliyokuwa nikifundisha, ambayo sitaitaja, wakachora ukuta wa nje bila malipo. Walichora mama akimsomesha mtoto chini ya mgomba, na pembeni basi lililojaa magodoro na sufuria, likitoka Rusumo. Watu wazima walisimama mbele ya basi hilo. Mzee mmoja aliniambia kuwa lile godoro la mistari lilikuwa la kwao.

Miaka mitatu baadaye ukuta ulipakwa rangi ya krimu juu na kijivu chini. Mgeni wa heshima alikuwa anakuja, na ilisemekana shule lazima ionekane safi. Hakuna aliyempigia simu mchoraji.

Mimi nilikuwepo kwenye kikao kilichopitisha uamuzi huo, na nilinyamaza. Nilijiambia ni rangi tu, na kwamba mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Mchoraji hajui kwamba nilikuwepo, atalisoma hapa. Kwa hiyo alipopiga simu wiki iliyopita kuuliza kama nina nafasi sebuleni, sikuweza kusema sina.

Mama yangu ndiye aliyezipokea picha vizuri kuliko sote. Yeye ni mtu wa Gisaka, mashariki, kwenye asili ya imigongo. Wafanyabiashara wa Rusumo wanazipita kila siku pale Nyakarambi, wilaya ya Kirehe: zile mbao zenye michirizi iliyoinuka, mizunguko na pembe kali, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zinatengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikafinyangwa kwa vidole, kikakauka, ndipo rangi ikapakwa.

Zamani imigongo haikuwa kwenye mbao. Ilikuwa ukutani, ndani ya nyumba, na ilikuwa kazi ya wanawake. Bibi yangu alipovuka Akagera hakuubeba ukuta. Alipopata nyumba ya udongo Karagwe aliupamba upya, mama akimshikia bakuli. Mimi nimekulia mbele ya mizunguko hiyo nikidhani kila nyumba ya Tanzania inayo. Wazazi waliporudi mwaka 1996 waliiacha nyumba na ukuta wake; mimi nilibaki kumaliza kidato cha nne, na mwaka 1998, siku ya kuondoka, nilimkuta mpangaji mpya ameshapaka chokaa. Nilivuka Rusumo kwa lile daraja la zamani la njia moja, nikiwa na cheti changu na begi moja.

Baada ya mwaka 1994 wanawake wa Kirehe, wengi wao wajane, waliifufua kazi hiyo kwa ushirika, na imigongo ikatoka ukutani ikaja kwenye mbao. Leo unaikuta hotelini, migahawani na maofisini Kigali, na inavuka mpaka ndani ya mikoba ya wasafiri.

Kwa wanaofanya biashara hiyo, nigusie jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani. Muulize ofisa wa forodha kabla hujapakia. Na picha ya kanvasi ikunje kama nilivyoeleza hapo juu. Nimeona mtu akishusha Rusumo picha iliyokunjwa kama shuka, imekatika mara nne.

Mchoraji amepata nyumba Kabuga, barabara ya kwenda Rusumo. Ni mbali na wageni wenye pesa wa Kacyiru, na yeye mwenyewe anahofia kwamba hakuna atakayemfuata huko. Lakini kodi ni karibu nusu, na ukuta wa mbele unatazama barabara, ambako malori na mabasi ya Tanzania hupita mchana na usiku. Mwenye nyumba amekubali kumsamehe kodi ya miezi miwili akiuchora ukuta huo.

Jumapili alikuja kumwomba mama amfundishe kufinyanga mizunguko ya Gisaka, ili aiweke chini ya mchoro. Mama ana miaka sabini na minne na vidole vyake havikunjuki vizuri. Alimjibu, "Mwanangu, nitakuja. Ila kwanza, huyo mwenye nyumba ameandika kwamba hataupaka rangi?"

Hakuwa ameandika. Karatasi nimeiandika mimi jana usiku, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ukurasa mmoja: ukuta usiguswe kwa miaka mitano, na akitaka kuupaka rangi, ampigie kwanza mchoraji. Mwenye nyumba ameahidi kutia sahihi mwisho wa wiki hii. Picha kumi na nne bado ziko sebuleni.