Mufereji umejaa, barua iende wapi?

Ndugu zetu wanafunzi, na ninyi wenye mulisha kumaliza masomo na mungali munatafuta kazi, leo tuongee juu ya komite za mitaa yetu.

Kila mwaka, mvua ikianza kunyesha Lubumbashi, maneno ni yaleyale. Mufereji umejaa plastiki na muchanga, mayi inakosa njia, inaingia mu manyumba ya watu. Watu wanakutana kwa shefu wa kartie, wanapiga kelele, mumoja anasema "serikali haituangalie", kisha kila mutu anarudia kwake. Wakati ingine wanachagua komite, komite inaandika barua, barua inaenda. Jibu, hakuna. Mwezi wa kumi na moja wenye kufuata, wanaanza tena.

Wengi wanasema ni juu viongozi ni wabaya. Labda. Lakini ukisoma zile barua, utaona pia kama nyingi zinatumwa kwa mutu mwenye hana franga wala uwezo wa kufanya ile kazi. Njo pale mutu mwenye kusoma anaweza saidia mutaa wake.

Tuanze na kartie. Sheria ya 7 Oktoba 2008, nambari 08/016, inasema kama muji, komini, sekta na sheferi ndizo ziko na uwezo wa kujiongoza na kuwa na bajeti yao. Kartie haiko ndani. Kartie ni sehemu ya komini tu. Shefu wa kartie anawekwa, hachaguliwe, na hana bajeti. Kwa hiyo, kumuandikia yeye peke yake ili ajenge mufereji ni kumupa mutu muzigo wenye hawezi kubeba. Kazi yake ni kushuhudia, kupeleka habari, kuweka muhuri. Hiyo pia ni kazi: barua yenye iko na muhuri wake inafika juu na uzito ingine.

Bon, sasa nani iko na ule mufereji? Hapa watu wengi wanapotea, hata sisi wenye diplome. Avenu ya ndani ya mutaa, soko ndogo, mifereji ya kartie, taa za barabara za komini, hayo sheria imeweka mu mikono ya komini. Barabara kubwa za muji mara nyingi ziko kwa OVD, ile ofisi ya barabara na mifereji ya muji. Kama ni barabara ya taifa inje ya muji, mufano ile Nambari 1, hiyo ni ya Office des Routes. Mayi ya robine ni Regideso, umeme ni SNEL. Kumuandikia burgumestre juu ya bomba ya Regideso yenye imepasuka, atakujibu (kama anajibu) kwamba hiyo si yake, na atakuwa na haki. Lakini muwekee kopi, juu bomba iko mu eneo lake.

Sasa tuje ku wakati. Bajeti inaanza 1 Januari na inaisha 31 Desemba. Inatayarishwa mbele, mu nusu ya pili ya mwaka. Barua yenye munaandika mu Novemba, mayi ikiwa mu magoti, imechelewa mara mbili: kazi ya kusafisha mufereji inafanyika vizuri mu kiangazi, na franga za mwaka wenye kuja ziko karibu kumaliza kugawanywa. Mutu akiuliza mimi, barua nzuri ya mufereji inaandikwa mwezi wa sita, wakati vumbi iko mu macho na hakuna mutu anakumbuka mvua. Ni nguvu kukusanya watu ule wakati, najua. Njo maana komite inapaswa kuwa na watu wawili ao watatu wenye hawachoke, hata kama mukutano uko na viti vitupu.

Na tuombe kitu chenye kinaweza kufanyika. Angalia Salongo, ile kazi ya pamoja yenye wazazi wetu walijua tangu wakati wa Mobutu. Watu wanatoka asubuhi, wanachota uchafu wote wa mufereji, wanauweka pembeni. Wanapiga foto. Gari haikuje. Mvua ya kwanza inarudisha uchafu wote mu mufereji. Komite yenye inaomba "serikali itengeneze mutaa wetu" haitapata kitu. Komite yenye inaomba gari moja ya kubeba taka, siku moja, tarehe fulani, kisha Salongo, imeomba kitu chenye burgumestre anaweza kukubali bila kuuliza gavana. Akikubali, mumejifunza njia. Akikatala, anapaswa kusema juu ya nini.

Hapa sasa kuna silaha yenye wengi hawajue. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inamupa kila Mukongomani haki ya kupelekea kiongozi wa serikali ombi la maandishi, peke yake ao pamoja na wengine, na yule kiongozi anapaswa kujibu mu miezi mitatu. Tena inasema hakuna mutu anaweza kushitakiwa juu ya kuandika vile. Soma vizuri: "peke yake ao pamoja na wengine". Haiombe kwanza muwe na karatasi za ASBL. Kama munataka kufungua konti ya banki ao kupokea musaada, njo mutatafuta karatasi kufuata sheria ya 20 Julai 2001. Lakini kwa kuandika ombi, majina na sinyature vinatosha.

Miezi mitatu inahesabiwa kama muko na alama ya siku barua ilifika. Mupeleke kopi mbili, moja mubakie nayo ikiwa na muhuri, tarehe na sinyature ya mwenye alipokea. Sekretere akisema "muache tu hapa, nitamupatia", musiache. Murudie kesho.

Ndani ya barua, muache maneno ya siasa. Muhesabu manyumba yenye mayi iliingia, avenu kwa avenu. Mupime urefu wa mufereji. Kamba na hatua za mutu vinatosha. Muweke foto zenye tarehe. Mama mwenye anauzisha ndazi pale pembeni anajua kupita sisi wote ni siku gani mayi ilipanda, mumuulize yeye. Mwanafunzi wa polytechnique anaweza kuchora ramani, wa droit anaweza kusoma sheria, wa économie anaweza kutafuta bei ya simenti. Hiyo ndiyo staje yenye hakuna mutu atakunyima.

Juu ya michango. Mu mitaa mingi, kabini ya umeme ikiungua, watu wanachanga wao wenyewe wanunue ingine. Sitasema ni vibaya, hakuna mutu anataka kulala mu giza mwaka muzima. Lakini mukichanga, muandike: nani alitoa, ngapi, kitu gani kilinunuliwa, na mupelekee SNEL ile karatasi. Bila maandishi, kesho wataita ile kabini yao, na ninyi mutaendelea kulipa fakture kama vile hamukutoa kitu.

Tena kuna mambo mapya. Tarehe 20 Desemba 2023, washauri wa komini walichaguliwa mu komini nyingi, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Sheria inawapa kazi ya kupiga kura juu ya bajeti ya komini. Kama komini yenu iko na washauri, mujue majina yao. Muwaulize komini ilipata ngapi. Ku karatasi, komini na wenzake wanapaswa kupata asilimia 40 ya sehemu ya mapato ya taifa yenye inaenda ku provense. Na kama mu eneo lenu kuna mine, sheria ya mine ya 2018 inaweka asilimia 15 ya redevance kwa entité yenye ile mine iko ndani. Franga zenye zinafika mu kasa, hiyo ni hesabu ingine, lakini mwenye hajue kiasi chenye kilipaswa kuingia hawezi hata kuuliza swali.

Kama miezi mitatu imepita na hakuna jibu, muandike tena, muweke kopi ya barua ya kwanza na ule muhuri, mupelekee baraza la komini na deputé wa provense. Kama munafikiri kutembea mu barabara, kifungu cha 26 kinaomba mujulishe kiongozi kwa maandishi mbele. Ile barua pia, kopi mbili.