Je, Wajua? Kinjeketile, Bonde la Kilombero na Kazi Inayotangulia Pazia

Je, wajua kwamba Kinjeketile wa jukwaani aliishi siku nyingi kuliko Kinjeketile wa Ngarambe?

Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe kule Rufiji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo kwanza vimewaka Umatumbi. Hakuwaona wapiganaji wakiikabili boma ya Mahenge, wala hakupata kujua ni wangapi waliangushwa na bombomu huku wakiamini risasi zitageuka maji. Lakini katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 kwa jina la Kinjeketile, mganga huyo yu hai hadi watu wake wanaposhindwa. Tunamkuta gerezani pamoja na Kitunda, na Mjerumani anamtaka atamke mbele za watu kwamba maji ya dawa aliyowapa yalikuwa uongo. Anakataa, na kukataa kwake ndiko kunakoubeba mchezo mzima.

Hussein hakukosea tarehe. Katika utangulizi wake anaeleza bayana kwamba huyu ni mtu aliyemuumba yeye kisanaa, ingawa anafanana sana na yule wa kwenye historia. Alijua kalenda, akaisogeza kwa makusudi. Mtu aliyenyongwa kabla ya maafa hana la kujibu. Anayeishi akaona maiti za waliomwamini anakuwa na swali zito kooni: aseme nini sasa? Ukiwa mwongozaji na hujui kwamba hapo pana kalenda iliyosogezwa, utaiigiza sehemu ya gereza kama kifo cha shujaa, basi. Ukijua, utaiigiza kama uamuzi. Mwigizaji atasimama tofauti, atanyamaza mahali tofauti, na hata taa zitawekwa vingine.

Kazi ya kuchimbua mambo ya namna hii kabla mchezo haujapanda jukwaani ina wenyewe. Wajerumani wameipa cheo, cha mshauri wa tamthilia, katika majumba yao ya michezo kwa zaidi ya miaka 250. Mwaka 1767 jumba la michezo la taifa mjini Hamburg lilimwajiri Gotthold Ephraim Lessing asome tamthilia, azipime na aandike juu ya maonyesho, na makala zake zikawa kitabu kinachosomwa hadi leo. Karne ya ishirini Bertolt Brecht, aliyeanzisha kundi la Berliner Ensemble mwaka 1949, aliwazoesha wasaidizi wake kukusanya picha, nyaraka na kumbukumbu za mazoezi mpaka kila onyesho likawa na kitabu chake. Ebrahim Hussein naye alikwenda Berlin Mashariki na mwaka 1975 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Humboldt, akiwa ameandika juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Tuliangalie hilo vizuri: Kinjeketile ilitangulia safari hiyo ya masomo. Aliiandika akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba miaka ileile, katika chuo kilekile, wanafunzi wa historia walikuwa wakitumwa vijijini kuwahoji wazee walioishi wakati wa Majimaji? Mradi huo uliendeshwa mwaka 1968. Vijana walirudi makwao na madaftari, wakaketi na wazee, wakaandika yale ambayo taarifa za Wajerumani hazikuyasema au ziliyasema kwa upande mmoja. Gilbert Gwassa, mwenyeji wa kusini, na John Iliffe wakachapisha kumbukumbu za vita hivyo. Kabla ya hapo, aliyetaka kusoma habari za Majimaji kwa kirefu aliangukia kitabu cha Gavana von Götzen, kilichotoka mwaka 1909. Ni kitabu cha mtu aliyeamuru vita hivyo vizimwe, na mshauri wa tamthilia anapokishika lazima ajue ameshika maneno ya nani.

Tuje sasa kwetu, Kibaoni ya Ifakara, katika Bonde la Kilombero.

Mwanafunzi wa hapa Ifakara anaposoma Kinjeketile darasani huona Rufiji, Umatumbi, Ngarambe, akadhani vita ni vya watu wa mbali. Vilifika hapa. Katikati ya Agosti 1905 kituo cha askari cha Ifakara kilivamiwa. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, iliyolindwa na Luteni von Hassel, askari wapatao sitini na bombomu mbili. Washambuliaji hawakufika kwa pamoja. Kundi la kwanza lilipokelewa kwa risasi likiwa bado mbali, likastahimili kitambo, likavunjika. Ndipo likaja kundi jingine, na baadhi ya watu wake wakasogea hatua chache tu kutoka mstari wa bunduki kabla ya kuanguka. Boma ilizingirwa hadi Septemba, pale Kapteni Nigmann alipowasili na jeshi kutoka Iringa.

Soma habari hiyo, kisha urudi kwenye tamthilia uwatazame Mngindo, Mkichi, Mzaramo na Mrufiji, wahusika waliopewa majina ya makabila, wanavyobishana juu ya nani aongoze na lini waanze. Ubishi ule haukuwekwa kujaza kurasa. Kule Mahenge, kushindwa kushambulia kwa wakati mmoja kuligharimu maisha ya watu. Kikundi cha bonde hili kikiuigiza ubishi huo kikiwa na habari ya tarehe 30 Agosti kichwani, hakitaufanya kichekesho hata kidogo.

Je, wajua kwamba vitu vidogo vya jukwaani ndivyo vinavyodai uchunguzi mkubwa? Chukua dawa yenyewe. Kwenye maonyesho mengi ya shule mganga hunyunyizia watu maji matupu kutoka ndoo ya plastiki. Masimulizi yanataja maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, na wapiganaji waliofunga mabua ya mtama kichwani. Sasa fikiria msichana wa mavazi anayepewa kazi ya kumvika mpiganaji mmoja tu. Lazima apate bua lililokauka kiasi, lisilokatika likikunjwa. Lazima aamue lifungwe kwa nini: kamba ya ukindu au kipande cha kaniki? Mwigizaji akikimbia, litakaa? Punje zikidondoka sakafuni na kubaki pale baada ya wapiganaji kupita, mwongozaji amepata picha ambayo hakuifikiria, nayo imezaliwa na swali la mavazi. Mafuta ya nyonyo hung'arisha ngozi chini ya taa. Hakuna kitabu cha nadharia kitakachokuambia hayo. Yanaonekana mazoezini, baada ya mtu kuuliza.

Upande wa pili wapo askari. Hao ni Waafrika, wamevaa kaki na tarbushi, na hapo ndipo pagumu zaidi. Waliokuwa wakiilinda Mahenge hawakuwa Wajerumani watupu. Kulikuwa na wenyeji waliosimama upande wa boma pia. Mwongozaji anayewapaka waigizaji wake chokaa usoni ili wawe "Wazungu" amejirahisishia kazi, na amewanyima watazamaji nusu ya ukweli.

Wakenya nao wana mfano mzuri. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, walipotaka kuandika juu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi, walifunga safari hadi Karũnainĩ, alikozaliwa, wakazungumza na watu waliomfahamu. Tamthilia ilitoka mwaka 1976, ikaigizwa kwenye Jumba la Taifa la Michezo jijini Nairobi mwaka huohuo, na baadaye tukapata tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi. Mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wanakijiji wenyewe waliushika muswada wa mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaanza kuurekebisha: mzee hazungumzi hivi, wafanyakazi wa mashamba hawasemi vile. Wakajenga na jukwaa kwa mikono yao. Onyesho lilianza Oktoba 1977, likapigwa marufuku Novemba, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Serikali haikuufunga kwa sababu ulikuwa mchezo mbaya.

Kwetu Tanzania kazi hii ina mama zake. Penina Muhando, ambaye wengi humjua pia kama Profesa Mlama, alizaliwa Berega, Kilosa, mkoa huuhuu wa Morogoro. Utafiti wake wa uzamivu, uliokamilika mwaka 1983, ulihusu sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Miaka hiyohiyo ya themanini yeye, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya mkoani Mwanza, kisha Msoga upande wa Chalinze, wakafanya kitu kilichopindua utaratibu. Hawakupeleka mchezo kijijini. Walikaa kwanza, wakauliza, wakasikiliza kijiji kinalia na nini. Wanakijiji wakachambua tatizo lao, wakachagua ngoma na masimulizi ya kulibeba, wakaigiza wenyewe, na onyesho likiisha mjadala unaanza palepale uwanjani. Kwa maoni yangu huu ndio mchango mkubwa kuliko wote ambao sanaa za maonyesho za Tanzania zimeipa dunia, na inaniuma kuona vijana wengi wanaoigiza hawajausikia. Mwaka 1996 mama hao wawili wakaanzisha Tuseme, ambako wasichana wa sekondari huchunguza matatizo yao na kuyatungia mchezo.

Hata mchezo wa mambo ya juzi unadai kazi ileile. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager wakapelekana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, mpaka akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Mwaka 1988 Ebrahim Hussein akawa ameshatoa tamthilia iliyotokana na kesi hiyo, Kwenye Ukingo wa Thim. Ukitaka kuuigiza huo leo, magazeti ya kesi ile ndiyo pa kuanzia.

Na kule Moscow mwaka 1902, kabla ya kuigiza mchezo wa mwandishi Gorky juu ya watu wa chini kabisa, mwongozaji Stanislavski aliwachukua waigizaji wake hadi soko la Khitrov, kwenye malazi duni ya walevi na wezi, wakaone watu hao walivyolala na walivyokula.

Je, wajua kwamba nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia? Zimeandikwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa mkono unaochosha macho, lakini zipo, ni za kwetu. Kule Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari 27 wanakumbukwa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Mahenge yenyewe iko jirani. Zamani mto Kilombero ulivukwa kwa pantoni kwenda huko. Sisi tuna Daraja la Magufuli, mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Kiswahili na vikundi vya sanaa vya Kibaoni, Lumemo, Mlabani na kote bondeni. Mkipanga kuigiza Kinjeketile, msianze na kugawana nafasi. Anzeni na maswali. Tamthilia inafunguka kwenye njaa na shamba la pamba la Bwana Kinoo, jina la utani la mlowezi wa Kijerumani aliyekuwepo kweli kule pwani ya kusini. Huku bondeni, nini kiliwafanya Wandamba, Wambunga na Wapogoro wayapokee maji? Ni kodi? Ni kazi za kulazimishwa? Ni hasira za zamani? Wajukuu na vitukuu vya waliopigana wapo, na baadhi yao ni bibi na babu zenu mnaowapita mkielekea mazoezini. Wapigeni hodi, waamkieni, waombeni wawasimulie walivyosimuliwa. Andikeni tarehe, jina la kijiji na maneno yao kama walivyoyasema, kisha wapelekeeni kadi ya kuja kuutazama mchezo, wakae mstari wa mbele.