Hataza: haki ya mbunifu inaishia wapi?

Mtu wa Tanga akibuni mashine ya kukagua nyuzi za mkonge kwa taa na kamera, akaisajili BRELA, je, yafaa mwengine kuiiga? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa haki ya ubunifu ni mali inayolindwa kisheria na haijuzu kuivamia.

Lakini mpaka wa mali hiyo ni maneno ya madai yaliyoandikwa kwenye hataza, si mashine yenyewe. Hapo ndipo wengi huteleza. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya August Technology na Camtek. Hataza ilieleza mashine inayojifunza kwa kuangalia vipande "vingi" vya silikoni vilivyo vizima. Mahakama ya chini ilimpa ushindi mwenye hataza. Rufaani ikasemwa: vingi ni vilivyotengana, si sehemu za kipande kimoja. Hukumu ya uvamizi ikatenguliwa, kesi ikarudishwa chini. Neno moja tu!

Basi kabla ya kumwita mwenzio mwizi, soma madai. Nasi wa Unguja na Pemba tujue: hataza ya BRELA haivuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008, na usajili ni BPRA.

Wallahu aalam.