Neno "Nice" na Safari Yake

Katika ukurasa huu wa lugha tunaliangalia neno dogo la Kiingereza tunalolitumia kila siku: "nice".

Leo neno hili ni la kusifu. Chakula kitamu ni "nice", mtu mpole ni "nice", na nguo inayopendeza pia ni "nice". Lakini asili yake si sifa hata kidogo. Limetokana na neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Likapitia kwa Wafaransa, na lilipoingia katika Kiingereza, mnamo mwaka 1300 hivi, kumwita mtu "nice" kulikuwa ni kumwita mpumbavu. Baadaye likawa na maana ya mtu mwenye kuchaguachagua mno, kisha jambo la uangalifu na usahihi. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18. La kushangaza ni kuwa neno "science", yaani sayansi, limetoka katika shina hilo hilo la kujua!

Tunapata mafunzo mawili. La kwanza, maana za maneno hubadilika, na anayesoma maandishi ya kale kwa maana za leo hupotea. Katika Kiarabu cha leo "sayyara" ni gari. Lakini katika Surat Yusuf ni msafara wa wapita njia, ambao mtekaji wao wa maji alimkuta Nabii Yusuf (A.S.) kisimani. Mwenye kukisia atasema alichukuliwa na gari! Ndiyo maana walimu wetu hutuhimiza tusikisie, bali turejee kwenye tafsiri na kamusi.

La pili, neno linalosifu kila kitu halielezi kitu. Jane Austen alilifanyia mzaha zamani katika riwaya yake ya Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817. Basi katika insha zetu, chakula kitamu tukiite "delicious", mtu mwema "kind", na chumba safi "clean". Tuangalie pia tahajia: "niece" ni mtoto wa kike wa ndugu yako, si sifa.

Neno lililoanza kwenye kutojua lina haki ya kutumiwa na anayejua. Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.