Tingatinga Likichemka, Tusikimbilie Ndoo

Mvua kubwa zikikata barabara kati ya Lundo na vilima vya Umatengo, dagaa hubaki ufukweni, kahawa hubaki ghalani na mgonjwa hubebwa kwa machela. Wakati kama huo tingatinga moja zima, hata likiwa kongwe, lina thamani kuliko matano yaliyolala nyasini. Lakini mtambo ukichemka, aghalabu jambo la kwanza ni kuita ndoo ya maji. Sisi tunasema kwamba ndoo hiyo imeua mitambo mingi kuliko uzee.

Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na miinuko mingi ya Umatengo hupita mita 1,500. Huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kifuniko kizima cha rejeta hushikilia mvuke na kuchelewesha mchemko. Kilicholegea huuachia, na mtambo unaopanda na mzigo hutokota.

Dereva mwenye busara hupunguza mzigo mara moja, huiacha injini ipoe, na wala hafungui kifuniko kingali moto, kwani mvuke wake hubabua ngozi. Hamwagi maji baridi kwenye injini yenye moto, maana chuma hupasuka. Kisha hutafuta chanzo. Je, mapezi ya rejeta yamezibwa na nyasi na vumbi? Yasafishwe kinyume cha mwelekeo wa upepo wa feni. Je, mkanda wa feni umelegea, au pampu ya maji inavuja? Je, thamostati imekwama? Ichemshwe katika sufuria ionekane kama inafunguka. Kuing'oa na kuitupa si matengenezo. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta ni dalili ya gasketi iliyoungua. Hata minyororo iliyokazwa kupita kiasi huilemea injini, ikachemka bila kosa lake.

Giaboksi nayo ina lugha yake. Oili ipimwe mtambo ukiwa umesimama mahali tambarare. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mtambo uliovuka mito hauna budi kukaguliwa. Chembe za chuma katika oili zatuonya kwamba meno ya gia yanalika. Mtambo ukikataa kukata kona, tuzitazame klachi za usukani: katika mitambo mingi ya zamani hufanya kazi zikiwa kavu, na sili ikivuja huzilowesha kwa oili zikateleza. Kuongeza oili bila kubadili sili ni kulisha ugonjwa.

Nchi yetu ililiona somo hili mapema. Mwaka 1947, katika mpango wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, yaliletwa matrekta ya minyororo yaliyotumika vitani, mengine kutoka Ufilipino. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Ardhi ilikuwa ngumu, vipuri vichache, mafundi wachache, na sehemu kubwa ya matrekta ikalala. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Fedha nyingi hazikuweza kuziba pengo la fundi mwenye vipuri na muda wa kukagua.

Kwa hiyo, kila tingatinga na liwe na daftari lake: saa za kazi, tarehe ya kubadili oili, na jina la aliyekagua. Nusu saa ya asubuhi kabla ya kuwasha injini ni sehemu ya kazi, na msimamizi anayemharakisha dereva aipite ajue kwamba anakopa hasara. Mtambo wa wananchi ni amana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mvua za Nyasa hazimngoji anayejenga.