Injini inapogonga: mambo ya kusikiliza kabla gari halijavuka Kobero

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Burundi hutoka Japani kwa meli, hupakuliwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha huendeshwa kwa barabara kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi mpaka wa Kabanga, ambao upande wake wa pili ni Kobero. Nchini Tanzania huitwa magari ya IT, kwa maana yako safarini kuelekea nchi nyingine. Gari lililokaa majuma kadhaa melini na kwenye yadi, likiwa na oili ambayo hakuna ajuaye ilibadilishwa lini, hutakiwa kukimbia zaidi ya kilomita 1,200 kwa siku chache, mikononi mwa dereva asiye na mali ndani yake.

Hivyo hutokea kwamba mwenye gari, aliyekwisha kulipa kila senti, hulipokea mpakani na kusikia ngo-ngo-ngo chini ya boneti. Dereva humwambia kuwa ni kawaida. Mara nyingine husema kweli.

Tatizo huanzia kwenye neno. Katika Afrika Mashariki yote watu husema injini «imenoki», na wengi humaanisha kwamba imekufa. Lakini kugonga kwa injini si ugonjwa mmoja. Kuna kugonga kwa vyuma vilivyolegea, kuna kugonga kwa petroli inayolipuka vibaya, na kuna milio inayofanana na hiyo ambayo haitoki ndani ya injini hata kidogo. Wa kwanza huua injini kwa muda mfupi, wa pili huila polepole, na wa tatu huenda ukaponywa kwa kukaza bolti moja. Anayeshindwa kuitofautisha atalipia injini nzima pasipo sababu, au ataendesha gari lake hadi litoboke.

Tuanze na ule wa hatari zaidi. Kila pistoni imeunganishwa na kranki kwa mkono wa chuma ambao fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, huuita konrodi, na ambao fundi wa Buyenzi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa huuita bieli. Kati ya mkono huo na kranki kuna beringi mbili nyembamba zenye umbo la nusu duara. Havigusani: utando wa oili huvitenganisha, katika nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki hugeuka mara 50 kila sekunde, na kila pistoni husimama na kubadili mwelekeo mara 100 katika sekunde hiyo hiyo. Oili ikipungua, ikichoka au ikikosa shinikizo, utando hukatika, beringi husagika, na nafasi ile ndogo huongezeka. Tangu hapo kila mlipuko ndani ya silinda huupiga mkono huo juu ya kranki kama nyundo.

Mlio wake ni mzito na wa ndani, na hutoka chini, upande wa sampo ya oili. Huongezeka injini ikipata moto, kwa sababu oili moto ni nyepesi na haiwezi tena kuziba nafasi iliyopanuka. Husikika vizuri dereva anapopandisha mzunguko kidogo kisha akauachia. Hapo ndipo sikio linapotakiwa kuwa makini, kwani mlio wa kawaida wa vali zilizolegea ni mwembamba, hutoka juu, na mwendo wake ni nusu ya ule wa kranki, maana shafti inayofungua vali huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Mtu aliyezoea ngoma ataitambua tofauti hiyo upesi kuliko aliyesoma vitabu.

Upo pia mlio wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda yake. Husikika asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hupungua au kutoweka baada ya dakika chache, kwa kuwa pistoni hutanuka kwa joto na kujaza nafasi. Gari la namna hiyo limechakaa, lakini laweza kufanya kazi miaka kadhaa. Kwa ufupi, mlio unaopungua injini ikipata moto hutoa nafasi ya kupumua, na ule unaoongezeka hautoi.

Mafundi wana njia ya zamani ya kuthibitisha. Injini ikiwa inanguruma taratibu, huchomoa waya mdogo wa koili ya silinda moja, wakasikiliza, wakaurudisha, kisha wakaenda kwenye silinda inayofuata. Silinda inayougua ikinyimwa moto, hakuna mlipuko wa kuusukuma mkono wake, na mlio hufifia. Kazi hiyo ifanywe kwa sekunde chache tu kila mara, kwa sababu petroli isiyoungua huharibu kisafishaji cha moshi kilicho kwenye ekzosi. Kwenye magari ya zamani yenye waya nene za plagi, asiyejua asiziguse: umeme wake hurusha mtu.

Kisha huja oili yenyewe. Ipimwe kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa haionekani kabisa kwenye kijiti, maelezo mengine yote ya dereva hayana uzito. Fundi mwangalifu hufungua chujio la oili, akakata karatasi yake na kuikunjua juani. Vipande vinavyong'aa ndani yake ni beringi zinazoondoka kidogo kidogo. Wakati huo ukarabati bado unawezekana: kranki huchongwa, beringi nene zaidi huwekwa. Gari likiendeshwa hivyo hivyo «taratibu mpaka nyumbani», mkono huvunjika na kutoboa bloku, na hapo hakuna cha kukarabati. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, injini izimwe papo hapo, hata kama ni usiku na kijiji kiko mbali. Najua ushauri huo ni mgumu katikati ya pori la Nyakanazi, lakini injini isiyo na shinikizo la oili haihesabu kilomita, huhesabu dakika.

Kugonga kwa petroli ni jambo jingine. Katika hali ya kawaida, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto husambaa kwa mpangilio kutoka upande mmoja hadi mwingine. Joto na mgandamizo vikizidi, au petroli ikiwa dhaifu, sehemu ambayo moto haujaifikia hujilipua yenyewe. Mawimbi ya mlipuko huo hupiga kuta za silinda, na dereva husikia mlio mwembamba, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Husikika gari likiwa na mzigo, linapopanda mlima kwa gia kubwa, mfano kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama, na hunyamaza mara mguu unapoondolewa kwenye mafuta. Ukiendelea kwa muda mrefu, huyeyusha kingo za pistoni na kupasua gasketi.

Uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo hupimwa kwa okteni. Huko Japani petroli ya kawaida ina okteni isiyopungua 89, na ile ya bei ya juu isiyopungua 96. Magari mengi ya familia yalitengenezwa kwa ile ya kawaida, lakini baadhi, hasa yenye turbo, yanahitaji ya juu, na onyo hilo limebandikwa kwenye kifuniko cha tangi kwa Kijapani, lugha ambayo mnunuzi wa Muyinga haisomi. Ni busara kuipiga picha karatasi hiyo na kuitafsiri.

Zamani petroli iliongezewa risasi ili isigonge, ugunduzi wa mwaka 1921 wa Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors. Risasi ilitibu injini na kuwatia watu sumu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Siku hizi hofu ni mafuta ya taa. Yakichanganywa na petroli hushusha okteni kwa kiasi kikubwa. Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia alama maalumu kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili faida ya kuchanganya iondoke. Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta katika miaka ya karibuni, na petroli ya madumu na chupa za plastiki imekuwa kimbilio la wengi. Hakuna anayejua dumu hilo lilibeba nini jana. Gari lililokuwa kimya likianza kulia changarawe baada ya kujazwa hivyo, dumu ndilo la kushukiwa kwanza, kabla ya kuruhusu mtu yeyote afungue injini.

Yafaa kukumbuka kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo huko, mgandamizo hupungua, na kwa hiyo petroli ile ile hugonga zaidi pwani kuliko milimani. Gari linalogonga hata Bugarama lina petroli mbovu kweli, au linachemka, au limejaa masizi ndani ya silinda. Magari mapya kidogo yana sensa inayousikia mlio huo na kuchelewesha cheche. Dereva wake hatasikia changarawe, ila ataona gari limepoteza nguvu na linakunywa mafuta.

Milio ya uongo nayo ni mingi: bati la kukinga joto la ekzosi, mpira wa kushikilia injini uliokatika, beringi ya jenereta. Kuhusu hii ya mwisho, mkanda huondolewa na injini huwashwa kwa nusu dakika; mlio ukitoweka, kranki haina kosa. Sahani inayounganisha injini na gia za otomatiki ikipata ufa huiga mlio wa konrodi kiasi cha kuwadanganya mafundi wazoefu, na injini nzima zimewahi kung'olewa bure kwa ajili yake.

Kwa anayekwenda Kobero kupokea gari, lililo muhimu ni kulikuta limepoa. Wauzaji wengine hutia oili nzito ili kuuficha mlio, na oili hiyo hufanya kazi yake vizuri kabisa kwa robo saa ya kwanza. Aliwashe mwenyewe, aliache lingurume mpaka feni izunguke na kuzima mara mbili, alipandishe mzunguko na kuuachia, kisha asikilize chini, upande wa sampo, na redio ikiwa imezimwa. Baada ya hapo ndipo atie saini.