Toa Rangi, Wacha Uso Ubonge

Wasee wengi wakitaka picha ya nyeusi na nyeupe wanashusha saturesheni hadi zero, alafu wanaposti. Maze, hapo ndio uso huzima. Programu nyingi zikigeuza rangi kuwa grei zinafuata hesabu ya kitambo ya TV: kijani inabeba kama 59%, nyekundu 30%, buluu 11%. Shati nyekundu na majani ya kijani zinaweza toka grei moja. Ukimpiga mse wa ngozi ya chokoleti mbele ya ukuta wa matofali, anapotelea hapo.

Anza na slaida za rangi, buda. Kwa Lightroom ziko nane, na uso wa mtu mweusi hukaa sana kwa ile ya orenji na ile ya nyekundu, juu ngozi zetu hurudisha nyekundu mob kuliko buluu. Pandisha orenji mos mos ucheki mashavu yakiamka, chunusi zinapungua na hujazigusa. Mdomo ukianza kufifia, shusha nyekundu kiasi, utarudi. Filta nyekundu ya Snapseed nayo inalainisha ngozi vivyo hivyo, ila lipsi zinaweza shikana na uso. Ya buluu ni kinyume, inachimba kila kunyanzi na kila doa. Guka mwenye uso wake umebeba miaka, hiyo inamtoa fiti sana. Manzi anataka kung'ara tu? Zii.

Na hapa sichezi: kupandisha orenji si kumpausha mtu. Cheki kazi za Seydou Keïta, yule mse wa Bamako alifungua studio 1948. Watu wake ni weusi tititi na bado unaona mng'ao kwa paji, unaona vile shavu linazunguka. Huo ni weusi umeshiba. Ukianza kuona majivu, umezidisha.

Sasa hii ya kubakisha rangi moja. Steven Spielberg aliifanya kwa Schindler's List, 1993: movie karibu yote haina rangi, katoi kamoja kamevaa koti nyekundu. Rangi ina job pale, unamfuata huyo mtoi katikati ya umati. Lipstiki nyekundu kwa kila potreti haina job yoyote. Jicho linakwama mdomoni, na mwenye picha anasahaulika. Ni hivyo pia konda akiwa kwa mlango wa nganya: ukiacha grafiti na rangi zake zote, nganya inammeza.

Mathe wa Kimaasai na shanga zake, hiyo inabamba. Shanga ziko chini tu ya kidevu, zinasukuma jicho juu kwa uso. Weka nyeusi na nyeupe kwa leya ya juu, alafu futa na brashi ndogo penye shanga pekee. Zuum kabisa, pembeni ndio watu huchomekea. Kuna kitu wengi hawaoni: shanga nyekundu hutupa wekundu kidogo kwa kidevu na shingo. Ukiua huo wekundu wote, shanga zitakaa kubandikwa. Acha kaharufu kake, na ushushe saturesheni ya shanga zenyewe pia. Alafu punguza picha ikuwe kadogo kwa skrini. Jicho likianza na shanga kabla ya uso, shusha tena.